Betri ya Ayeeyo na Chipu Isiyo na Njaa

Wasee, kila wiki kuna mtu ananitumia video ya kifaa kipya. Simu ya kamera nne, chaja ya wati 120, saa ya mkononi inayokuambia ulilala vibaya kana kwamba wewe mwenyewe hukujua. Naangalia zote, sijifanyi. Lakini kuna namba moja huwa naitafuta na hakuna mtu huitaja: hiyo kitu inakula umeme kiasi gani ikiwa imekaa tu?

Kwa mtu wa South B hilo ni swali la bahili. Soketi iko ukutani, shida iko wapi? Mimi nimezaliwa Dagahaley, moja ya kambi za Dadaab, iliyofunguliwa 1992. Kwenye bloku yetu umeme ni jenereta la mtu. Anawasha akitaka, anazima akitaka, na unalipa. Kama si hivyo, uko na paneli ya sola juu ya bati na betri uliyonunua mkono wa tatu. Na inachekesha kidogo, juu kama kilomita mia moja hivi kutoka hapa, karibu na mji wa Garissa, kuna kituo cha sola cha megawati 54.6 kilichozinduliwa Disemba 2019. Jua ni lile lile linalotuchoma sisi. Umeme unaingia kwenye gridi na kuendelea na safari zake.

Kwa hivyo huku unajifunza mapema kuhesabu miliampea kama vile mama yako anavyohesabu vikombe vya unga. Na leo nataka kuwaambia kuhusu chipu ambayo hesabu yake ni ndogo mpaka nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani wamesahau sifuri. Inaitwa opampu. Najua nusu yenu mshaanza kuskroli. Subirini kidogo, kuna bibi ndani ya hii stori.

Opampu ni nini? Fikiria mtu ambaye ana masikio mawili na mdomo mmoja. Kazi yake ni kusikiliza tofauti ya volti kati ya sikio la kulia na la kushoto, kuizidisha mara laki moja au zaidi, halafu kuitoa mdomoni. Ukimwacha huru anakuwa hakimu: kulia kumezidi kushoto? Natoa volti yote niliyo nayo. Hakujazidi? Natoa sifuri. Lakini ukichukua sehemu ya sauti yake na kumrudishia kwenye sikio moja kupitia rezista, anatulia. Anaacha kupayuka, anaanza kukuza ishara ndogo kwa kipimo unachotaka wewe. Basi. Hiyo ndiyo opampu, na iko karibu kila mahali ambapo mashine inahitaji kuhisi kitu kidogo: joto, mwanga, sauti, damu.

Zamani ilikuwa mnyama. Zile zilizouzwa Marekani na kampuni ya George Philbrick miaka ya mwanzo ya 1950 zilikuwa na taa mbili za glasi na zilitaka volti 300 chanya na 300 hasi. Ukishika vibaya unaenda kwa Mola wako. Mwaka 1968 ikaja 741 ya Fairchild, chipu ndogo kama kucha, ambayo mpaka leo walimu wanaichora ubaoni. Nayo inataka kama miliampea 1.7 ikiwa imekaa tu, na volti za kutosha kuhitaji betri mbili za volti 9. Kwa maabara yenye soketi, sawa. Kwa huku, hapana, rudini nayo.

Sasa bibi.

Ayeeyo wangu ana sukari. Yaani kisukari, aina ya pili, na kwa miaka kadhaa sasa anatumia insulini. (Kwa wasio Wasomali: ayeeyo ni nyanya. Na yeye pia akiniita huniambia "ayeeyo". Ndivyo sisi hufanya, jina la ukoo linaenda pande zote mbili, msitafute mantiki.) Kila asubuhi anakaa kwenye mkeka, anafungua kile kimfuko cheusi, anatoboa kidole, anaweka tone la damu kwenye stripi, na mashine inahesabu kama sekunde tano halafu inatoa namba.

Hizo sekunde tano ndizo zilinifanya nipende elektroniki. Kwa sababu kinachotokea mle ndani ni hiki. Stripi ina kimeng'enya kinachoshika glukosi kwenye damu. Mashine inaweka volti ndogo sana kwenye stripi, sehemu ya volti moja, na mmenyuko unatoa mkondo wa umeme. Sukari ikiwa nyingi, mkondo unaongezeka. Lakini tunaongelea maikroampea, yaani sehemu moja ya milioni ya ampea. Huwezi kuwasha hata taa ndogo kabisa kwa huo mkondo. Opampu inaupokea na kuupitisha kwenye rezista yake: maikroampea 10 zikipita kwenye rezista ya kiloomu 100 zinakupa volti moja safi, na volti moja hata chipu ya bei rahisi inaweza kuisoma. Damu ya nyanyangu inageuka kuwa volti, volti inageuka kuwa namba, namba inaamua kama atakula ama atadunga.

Na hiyo yote inaendeshwa na betri moja ya duara, ile CR2032, bapa kama sarafu. Volti 3, miliampea-saa kama 220. Mashine nyingi zinaandikwa kwamba betri hiyo inatosha takriban vipimo elfu moja. Inawezekanaje? Kwa sababu mashine inalala. Ukitoa stripi, inazima karibu kila kitu. Inaamka sekunde chache, inafanya kazi, inarudi kulala. Kama ingekuwa na 741 mle ndani (ambayo kwa volti 3 haiwezi hata kufanya kazi, lakini tuseme) na iwe imewashwa muda wote, betri ingekufa kwa siku tano na nusu. Piga hesabu: 220 gawanya kwa 1.7, unapata masaa 129.

Ramadhani ya 2025 iliangukia Machi, na wanaojua huku wanajua Machi ni nini. Ni mwisho wa jilaal, kiangazi kile ambacho hata mbuzi wanatafuta kivuli cha nguzo. Ayeeyo alikataa kuacha kufunga. Kliniki walimshauri, sheikh alimshauri, mama alilia kidogo. Alisema Mungu anamjua tangu kabla ya sisi kuzaliwa. Tukakubaliana kwamba atapima mchana, maana masheikh wengi wanasema kutoboa kidole hakuvunji saumu, na mwongozo wa shirikisho la kimataifa la kisukari kuhusu Ramadhani uko wazi: sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6, unafungua, hata kama magharibi imebaki dakika kumi.

Siku moja baada ya asri alikuwa anatokwa na jasho na anajibu maswali polepole. Mama akachukua mashine, akaingiza stripi, skrini ikaonyesha picha ya betri na kufifia. Betri hiyo tulikuwa tumeinunua sokoni wiki mbili tu nyuma. Ndugu yangu mdogo akakimbia bloku ya pili kuomba mashine ya jirani. Namba ilisoma 3.4. Ayeeyo akapewa chai ya sukari, akanung'unika akiinywa, na baada ya nusu saa alikuwa anatugombeza kama kawaida. Alhamdulillahi.

Usiku niliichukua ile betri na multimita. Bila mzigo ilisoma volti 2.9. Mtu yeyote angesema ni nzima. Nikaweka rezista ya kiloomu moja kati ya miguu yake, ambayo inavuta karibu miliampea 3 tu, na volti ikaporomoka hadi 2.1 kabla sijamaliza kuhesabu hadi kumi. Ilikuwa ganda lenye chapa ya jina kubwa. Kama utachukua kitu kimoja tu kwenye hii posti, chukua hiki: betri ya sarafu ikipimwa bila mzigo huwa inadanganya. Ipe mzigo kidogo ndio useme.

Lakini hiyo siyo sababu nimeandika. Mashine ya sukari ilishatengenezwa na watu werevu, inalala na kuamka vizuri, shida ilikuwa betri feki tu. Kilichonisumbua ni kitu kingine kilichokuwa kwenye kona ile ile ya nyumba. Chungu.

Insulini kwenye boksi imeandikwa ikae nyuzi 2 hadi 8. Friji. Huku nani ana friji? Kwa miaka, wagonjwa wa sehemu kama hizi walilazimika kwenda hospitali kudungwa, wengine zaidi ya mara moja kwa siku, kwa sababu tu dawa ingeharibika nyumbani. Halafu Madaktari Wasio na Mipaka, wale MSF wenye hospitali hapa Dagahaley, wakafanya kitu ambacho mimi naona ni cha heshima kuliko gari lolote la msaada. Walipima joto halisi ndani ya nyumba za hapa. Walikuta linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Kisha wakashirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, wakaweka insulini maabara kwenye joto linalopanda na kushuka vile vile kwa wiki nne, na kuilinganisha na ile ya friji. Ilibaki na nguvu zake. Matokeo yalichapishwa Februari 2021 kwenye jarida la PLOS ONE. Yaani kuna utafiti wa kisayansi duniani ambao kipimo chake ni joto la nyumba zetu. Kila nikikumbuka natabasamu. (Na usibadilishe namna unavyohifadhi dawa kwa sababu ya posti ya kijana wa mtandaoni. Ongea na kliniki yako.)

Sasa soma namba tena: 25 hadi 37. Haikusema 41. Chungu cha udongo chenye maji kinapoza, juu maji yakikauka kwenye ukuta wake yanaondoka na joto. Lakini kikisahaulika bila maji, ama kikisogezwa karibu na bati kwa sababu watoto wanacheza, hakuna mtu atajua kilifika ngapi saa nane mchana. Saa mbili usiku, mtu akifungua, kimepoa, dawa inaonekana kama maji tu, na hakuna alama.

Hiyo ndiyo tofauti nilikuwa natafuta. Mashine ya sukari inaweza kulala kwa sababu kuna mtu anaiamsha anapoihitaji. Mlinzi wa chungu hawezi kulala. Lazima awe macho saa zote 24 hasa wakati hakuna mtu anaangalia, kwa sababu huo ndio wakati jambo linatokea. Na mlinzi wa macho saa 24 lazima ale kidogo sana, la sivyo atakula betri yote na aache chungu bila ulinzi, na wewe ukidhani uko salama.

Nilienda kwa fundi mmoja sokoni, mzee ambaye namwita abti ingawa hatuna undugu wowote. Anatengeneza simu, redio, na zile kontrola za sola za bei rahisi. Nilimweleza nataka taa iwake chungu kikipita nyuzi 37. Hakusema kitu. Akavuta kontrola iliyoungua kutoka kwenye ndoo, akaonyesha chipu ya miguu minane kwa ncha ya bisibisi.

"Abti, hii hapa. Toa bure."

LM358. Kama unafungua vitu vilivyokufa umeshaiona mara mia: chaja, kontrola, mizani. Ni chipu ya tangu miaka ya 1970 na bado inatengenezwa. Ndani yake kuna opampu mbili, na zote kwa pamoja zinakula karibu nusu miliampea. Si mbaya! Nusu miliampea mara masaa 24 ni miliampea-saa 12 kwa siku. Ukitumia betri ya Nokia, ile BL-5C ambayo huku ni kama fedha ya pili, ina 1,020 ikiwa mpya, basi ni siku 85. Ikiwa imezeeka nusu, siku arobaini hivi. Abti alikuwa sahihi kabisa kwa upande wake: chipu ya bure, betri ya bure, mambo yanaenda.

Lakini mimi nilitaka iingie kwenye chungu kidogo kama kifuniko cha chupa, na betri ya sarafu. Hapo LM358 inakataa. Inataka angalau volti 3, na betri ya sarafu huanzia 3 na kushuka. Tena masikio yake hayasikii volti zote: yanakoma volti 1.5 chini ya betri. Kwa volti 3 hiyo ni nusu ya barabara imefungwa.

Ndipo nikaagiza MCP6041. Ni ya kampuni ya Microchip, na kuna iliyo na miguu minane mirefu ya kawaida, kwa hivyo huhitaji darubini kuilehemu. Inafanya kazi kuanzia volti 1.4. Na ikiwa macho, inakula nanoampea 600. Nano. Maikroampea 0.6. Ni kama mara mia nane chini ya LM358. Ukiiunganisha peke yake kwenye betri ya sarafu na upige hesabu ya ovyo, inatoa miaka zaidi ya arobaini. Betri yenyewe itazeeka na kufa kwa sababu zake binafsi kabla opampu haijaimaliza.

Kuagiza kwenyewe ni stori. Nyinyi mnashuka tu Luthuli Avenue mnaingia duka hadi duka. Mkimbizi anahitaji kibali cha kutoka kambini, na "nataka kununua chipu" si sababu inayofungua geti. Kwa hivyo binamu wa Eastleigh ananunua, anaweka kwa basi hadi Garissa, basi hadi Dadaab, probox hadi huku. Kifurushi cha chipu tano kinachoweza kuingia kwenye boksi la kiberiti kinasafiri kama mheshimiwa.

Sasa hapa ndipo pananoga, na ndipo watu wengi wanakosea wakisikia "chipu ya umeme kidogo". Nilichora sakiti kama kila mtu anavyoichora: thamista ya kiloomu 10, ile rezista inayobadilika na joto, pamoja na rezista ya kiloomu 10 kupata upande mmoja, halafu rezista mbili za kiloomu 10 kupata upande wa kulinganisha. Kabla ya kulehemu nikajumlisha. Volti 3 kwenye kiloomu 20 ni maikroampea 150. Mara mbili, 300. Yaani mlinzi anakula punje moja na viti vyake vinakula gunia! Betri ingeisha ndani ya mwezi mmoja, na chipu haihusiki kabisa.

Kwa hivyo nikapandisha kila kitu. Thamista ya kiloomu 100. Ikifika nyuzi 37 inashuka hadi karibu kiloomu 60, basi nikaipa mwenzake wa kiloomu 60 hivi, ili kwenye nyuzi 37 volti ya katikati iwe nusu kamili ya betri. Upande wa pili, rezista mbili za megaomu moja moja, nazo zinatoa nusu ya betri. Opampu inauliza tu: nusu ipi imezidi? Na uzuri wake ni kwamba betri ikichoka kutoka volti 3 hadi 2.5, pande zote mbili zinashuka pamoja, alama ya nyuzi 37 haisogei. Hii mbinu ni ya zamani kuliko opampu yenyewe na bado naona ni ujanja mtamu.

Jumla mpya ni kati ya maikroampea 20 na 28 kutegemea joto. Betri ya sarafu inafika karibu mwaka mzima. Opampu yenyewe ni sehemu kama moja ya arobaini ya hiyo bili.

Kwa nini nisifanye hivyo na LM358 pia, nipandishe rezista tu? Kwa sababu masikio ya LM358 hayasikilizi bure, yanavuta makumi ya nanoampea. Kwenye rezista ndogo hutaona. Kwenye rezista za megaomu, huo mvuto mdogo unasogeza volti kiasi cha kuhamisha alama yako karibu nusu digrii. MCP6041 inavuta pikoampea, ambayo ni karibu na hakuna. Sasa unaelewa kwa nini hizi chipu zinaenda pamoja na rezista kubwa: moja bila nyingine haina faida.

Na kuna bei yake, sitaki kuwauzia ndoto. Chipu isiyokula haikimbii. MCP6041 ina kasi ya kilohezi 14 wakati LM358 inagusa megahezi moja. Usijaribu kujenga amplifaya ya muziki nayo, utasikia kama mtu anaimba ndani ya jerikani. Pia ina kelele zake za ndani zaidi. Lakini chungu kinapasha joto kwa dakika nyingi, si kwa mikrosekunde. Kwa chungu, kilohezi 14 ni anasa. Shida kubwa zaidi huku ni vumbi. Rezista za megaomu zikiwa wazi, vumbi letu jekundu likichanganyika na jasho la kidole au unyevu wa chungu linakuwa rezista nyingine ambayo hukuipanga. Nilisafisha bodi kwa spiriti na kuipaka rangi ya kucha ya dada yangu tabaka mbili. Alijua siku ya tatu. Hiyo ni kesi nyingine.

Taa nayo. LED ya kawaida ukiipa miliampea 10 ikiwaka mchana mzima, kwaheri mwaka wako. Lakini hizi LED nyekundu za siku hizi zinaonekana hata kwa miliampea 0.1, na chungu kinakaa kwenye kona yenye giza. Rezista ya kiloomu 10, inatosha. Nikaongeza dayodi moja inayorudisha sauti ya opampu kwenye sikio lake, ili ikishawaka isizime yenyewe chungu kikipoa. Mpaka mtu abonyeze. Ayeeyo akikuta nyekundu usiku, anajua mchana kulitokea kitu, hata kama sasa kumepoa, na ile chupa inarudi kliniki kuulizwa.

Binamu yangu wa Eastleigh anasoma uhandisi na ana maoni. Alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Hoja yake: opampu ni mambo ya wazee, chukua maikrokontrola kama ATtiny85, ukiilaza inakula maikroampea 0.1, iamshe kila dakika ipime, irudi kulala, na itakuandikia hata kumbukumbu ya joto. Tena ukizima thamista kati ya vipimo, bili nzima inashuka chini ya yangu.

Na ana haki. Kwa karatasi ananishinda, sitabishana. Ukiweka saa yake ya ndani ya kumwamsha inaongeza maikroampea chache, bado ananishinda. Lakini hiyo kitu inahitaji laptopu, kebo, programu, na mtu wa kuiandika. Nikiondoka kesho, nani ataitengeneza? Sakiti yangu ina chipu moja, rezista chache, dayodi moja. Abti aliiangalia mara moja akaichora upya nyuma ya kadi ya simu bila kuniuliza. Hajui kodi hata mstari mmoja. Kwangu hiyo inahesabika kama kipimo, sawa na maikroampea.

Ambacho sikubali kabisa ni kile kinachofanyika kwenye mashindano ya ubunifu. Nimehudhuria mawili. Kila timu inakuja na Arduino Uno, waya za rangi, skrini ya bluu inayong'aa, na neno "sola" kwenye slaidi. Uno peke yake inakula kama miliampea 45 bila kufanya lolote. Ukiipa betri ya Nokia mpya inakufa kabla siku haijaisha. Ukiongeza WiFi inaruka juu ya miliampea 200 kila ikituma. Majaji wanapiga makofi, picha zinapigwa, kifaa kinapewa familia moja kwenye bloku fulani, na baada ya wiki kinakuwa kitu cha watoto kuchezea. Halafu ripoti inasema jamii haikukipokea. Jamii ilikipokea vizuri sana. Betri ndiyo ilikataa, na hakuna slaidi hata moja iliyokuwa na hesabu yake.

Ningekuwa jaji ningeuliza swali moja tu kabla ya kuangalia hizo waya: niambie miliampea-saa kwa siku, na betri gani, na inatoka duka gani kutembea kwa miguu. Wengine wote wakae chini.

Mlinzi wetu amekaa kwenye chungu tangu Juni. Amewaka mara mbili. Mara ya kwanza maji yalikuwa yamekwisha. Mara ya pili ilikuwa ndugu yangu mdogo amemshika mkononi "kuona kama anafanya kazi", na kwa siku ile ya joto alifanya kazi. Ayeeyo anamwita askari, na kila jioni anamuuliza habari za zamu kabla ya kuniuliza mimi habari yoyote.

Majirani wanne wameshauliza. Chipu nimebakiwa na tatu, rezista nina za kutosha, betri nimepata mahali ambapo nikizipa mzigo hazianguki. Kilichoisha ni thamista za kiloomu 100, zile ndogo za glasi zinazotumika kwenye printa za 3D. Kama uko Luthuli wiki hii na ukiziona, nataka sita. Basi la Garissa linajua njia.